Ardhi Mbili Chini ya Nyumba ya Mavyaa

Iko Ijumaa moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa bi harusi mbichi, hina haijafutika mikononi, nimo sebuleni kwa mavyaa wangu huko Shika Adabu, Likoni, nawamiminia kahawa akina mama waliokuja kusikiliza kasida. Mavyaa ni mama wa mume. Nakueleza kwa sababu nyinyi wa siku hizi mnamwita mazaa na sijui nini. Na huo mtaa nao, jina lake peke yake lilitosha kunitia hofu siku nilipoambiwa ndiko ninakoolewa.

Kaseti ikatiwa, spika zikafunguliwa, na kabla msomaji hajafungua kinywa tukasikia: mmmmm. Mvumo mzito, wa chini kwa chini, usiovuta pumzi. Kasida ilipoanza, mvumo haukuondoka. Ukipandisha sauti nao unapanda, ukishusha nao unashuka. Mama mmoja mwenye ulimi wake akauliza, "Kwani humu ndani mmeweka mashine ya kusaga?" Wenziwe wakacheka ndani ya leso. Mavyaa hakucheka. Mimi nimeshika mdila wa kahawa, sijui nimimine au nikimbie.

Ngoja nikueleze mambo yalivyokaa, la sivyo hutanielewa. Amplifaya na spika zilikuwa za mavyaa, na zilikuwa hapo sebuleni. Deki ya kaseti ilikuwa yangu. Baba yangu alikuwa fundi wa redio Kisauni, na deki ile aliifufua mwenyewe, akaitia bati jipya na waya mpya wa stima, akanipa iwe katika vyombo vyangu vya harusi. Wenzangu walipewa masufuria na mapazia. Mimi nilipewa masufuria, mapazia na deki. Ilifika Likoni wakati deki ya mavyaa imeshaanza kutafuna kaseti, kwa hiyo ikapokewa kwa vigelegele. Lakini sebuleni nikaambiwa hapana nafasi, ikae chumbani kwetu, kile chumba kipya alichokijenga mume wangu Athmani nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua. Waya mrefu wa sauti ukapitishwa dirishani, ukakatiza uani kandokando ya kamba ya nguo, ukaingia sebuleni kwenye amplifaya. Upande mmoja wa kaseti ukiisha, mavyaa huinuka mwenyewe, hata akiwa amekwisha kukunja miguu, akaja chumbani kwangu kuigeuza. Kasida zake hakumwachia mtu.

Wageni walipoondoka aliniita.

"Rukia!"

"Abee, mama."

"Nyumba hii nimekaa tangu Athmani hajazaliwa. Imevuja, imeingia nyoka, imeezuliwa mabati na upepo. Haijapata kuvuma. Imevuma ulipoingia wewe na hicho chombo chako."

"Nitakitazama, mama."

"Kitazame. Ijumaa inayokuja wenzangu watarudi, na mimi sitaki kuchekwa mara ya pili. Ikivuma tena, vyombo vyako vitarudi kwenu Kisauni."

Hakusema nirudi mimi. Alisema vyombo. Lakini wewe ni mtoto wa pwani, wajua: vyombo vya bi harusi havivuki feri peke yao. Vikionekana vimepakiwa kwenye mkokoteni, mtaa mzima huuliza talaka ni ngapi. Na mimi nilikuwa nampenda Athmani, nisikufiche. Nampenda mpaka leo, na hilo tumbo lake. Niliingia jikoni nikalia, mamake aliponitazama nikasingizia vitunguu.

Athmani alikuwa kibarua bandarini. Aliporudi nikamweleza yote. Akavua viatu, akasema, "Mama ndivyo alivyo. Wewe nyamaza tu, yatapita." Mume mwema huyu, sina la kumsema, lakini enzi hizo mbele ya mamake alikuwa hafungui mdomo ila kwa kula. Nikajisemea moyoni, yatapita, na mimi nitapita nayo kwenye feri.

Kesho yake nikajifunga leso kiunoni, nikaingia kazini. Nimekulia ubavuni mwa fundi, mwanangu. Nilijua kwamba ukisikia mvumo huanzi kufungua vitu ovyo. Unachomoa kimoja, unasikiliza. Unakirudisha, unachomoa kingine, unasikiliza tena. Basi nikauchomoa waya wa sauti kwenye amplifaya: kimya. Kumbe spika hazina ugonjwa, wala amplifaya. Nikaurudisha, na mvumo ukarudi. Nikabadilisha waya wenyewe kwa mwingine: uko vile vile. Nikaenda chumbani, nikaichomoa deki kwenye soketi ya stima lakini waya wa sauti nikauacha mahali pake, kisha nikakimbia sebuleni kusikiliza. Kimya tena! Hapo nikasimama katikati ya ua, nikautazama ule waya ulivyokatiza kutoka chumba kipya mpaka nyumba kubwa, nikacheka peke yangu.

Tatizo lilikuwa hivi. Nyumba kubwa ilikuwa na mita yake ya stima, na fundi aliyeitia nyaya alichimbia chuma chini, akakifunga na waya wa kijani na manjano. Stima ikipotea njia, hushukia huko ikazama, badala ya kumpiga mtu. Mafundi wengine huuita waya huo athi. Baba yangu, Mswahili wa kujivuna, aliuita ardhi, na mimi ndivyo nilivyouzoea. Sasa chumba chetu nacho kilipojengwa kilitiwa mita yake mbali, na chuma chake mbali. Kwa hiyo amplifaya imeshika ardhi ya nyumba kubwa, na deki imeshika ardhi ya chumba kipya, na ardhi hizo mbili hazikuwa sawasawa. Ule waya wa sauti ulipoziunganisha, tofauti yao ikawa inazunguka humo humo, ikitokea spikani. Kwa nilivyojua siku ile, hapakuwa na chombo kibovu. Deki nzima, amplifaya nzima, kila kimoja mahali pake.

Nikakimbilia jikoni na furaha zangu. "Mama! Nimelijua tatizo! Nyumba hii ina ardhi mbili!"

Lo! Laiti ningeuuma ulimi. Huku kwetu, mwanangu, nyumba inaweza kuwa yako na ardhi isiwe yako. Umejenga juu ya shamba la mwenyewe, unamlipa kodi ya kiwanja, unamuomba Mungu asimtie tamaa ya kuuza. Kwa mwenye nyumba ya namna hiyo neno ardhi halitamkwi ovyo. Mavyaa mwiko ukamponyoka.

"Ardhi mbili? Nani kakwambia? Ameuza? Kamuuzia nani?"

"Siyo hiyo, mama. Ni ardhi ya stima."

"Alaa! Watu wa stima nao wanaitaka ardhi yetu?"

Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta, na alichokisikia kilimtosha. Hata alasiri haijaadhiniwa, wazee wameshafika na bakora zao kumuuliza mavyaa kama ni kweli shamba limepata mwenyewe wa pili. Mmoja alishavaa kanzu ya kutokea, anataka twende sote kwa chifu. Ilimbidi Athmani, na uchovu wake wa bandarini, apite nyumba hadi nyumba kuwatuliza watu. Wako mpaka leo wanaoniita Bi Ardhi Mbili, na mimi huitika. Lakini siku ile sikucheka, maana mavyaa alinigeukia mbele ya wazee wote akaniambia, "Wewe na nyaya basi. Usiguse tena kitu."

Siku tatu baadaye akaitwa Kassim, ndugu mdogo wa Athmani, kijana mchangamfu, mwepesi wa maneno na mwepesi wa mkono. Shemeji yangu huyo hakuuliza mengi. Aliifungua plagi ya deki, akauona ule waya wa kijani na manjano, akaukata kwa koleo, akaifunga plagi. "Jaribuni sasa," akasema.

Kimya, mwanangu! Kasida ikatoka safi, mpaka pumzi ya msomaji ikasikika. Mavyaa akapiga kigelegele jikoni kwake. Akanishika bega, akaniambia, "Haya, umeokoka." Mchana akanipakulia mwenyewe kichwa cha samaki, na katika nyumba ile kichwa cha samaki hakikupewa mtu mdogo.

Nami nilimwona Kassim akiukata. Nilijua alichokikata. Nikakila kile kichwa cha samaki, nikalamba na vidole, nikanyamaza. Kilikuwa kitamu kimya kile, wallahi. Vyombo havirudi, mume ni wangu, mavyaa anacheka na mimi. Niseme nini? Niurudishe mvumo kwa mkono wangu mwenyewe?

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi, katika kufagia chumba, nikauchomoa waya wa sauti usije ukakanyagwa, na mkono wangu ukagusa bati la deki. Stima ikanitekenya mpaka kiwikoni. Haikuniangusha, lakini nilijua maana yake. Chumvi ya bahari huku haibakishi kitu, na ilikuwa imeshaingia mpaka matumboni mwa ile deki, stima inavujia kwenye bati. Zamani ilikuwa ikishuka chini na waya wa kijani bila mtu kujua. Sasa waya huo haupo. Waya wa sauti ukiwa umechomekwa, stima inapitia huko kwa kujibanza. Ukichomoka, inamngoja mtu. Nikauchomeka upesi.

Athmani aliporudi nikamwambia. Akakuna kichwa. "Ijumaa ipite kwanza," akasema. "Mama kafurahi, usimtibue." Na mimi, kwa ajili ya vile vyombo, nikakubali.

Ijumaa ikafika. Wageni walikuwa waje baada ya alasiri, na mavyaa akatia kaseti mapema ajaribu. Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Shuka ikanasa kwenye ule waya wa sauti, nikaivuta, waya ukachomoka kwenye deki. Kasida ikakatika. Mavyaa akatoka jikoni, mikono yachuruzika maji ya mchele, miguu mitupu kwenye saruji, anakwenda chumbani kwangu kutazama deki yake imepatwa na nini. Nikazitupa nguo zote chini. Nilipofika mlangoni, mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

"Usiguse! Mama, usiguse!"

Nilipiga ukelele, mwanangu. Bi harusi, hina mkononi, nampigia mavyaa ukelele hadi njiani wanasikia. Mkono wake ukasimama hewani. Akageuka pole pole.

"Unanigombeza mimi?"

Nikalifungua sanduku langu. Humo baba alinitilia testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani. Nikaigusisha kwenye bati la deki, na kitaa kikawaka chekundu. Mavyaa akainama kukitazama.

"Hicho kimewashwa na nini?"

"Na hilo bati, mama. Ndipo ulipokuwa unataka kushika."

Akaitazama mikono yake yenye maji. Kisha akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu niingie nyumba ile.

Nikaichomoa plagi, nikaifungua, nikaurudisha waya wa kijani mahali pake. Nikaichomeka, nikatia testa tena: kitaa hakikuwaka. Kisha nikauchomeka waya wa sauti, na kutoka sebuleni ukaja: mmmmm. Umerudi, na niliyeurudisha ni mimi, na wageni wako njiani. Nikasema, "Mama, sasa haitampiga mtu, lakini itavuma. Kama ni vyombo kurudi, na virudi. Mimi sitaki ufe." Na machozi safari hii sikuyasingizia kitu.

Mavyaa akaitazama ile plagi. "Kassim alikata waya huo Jumanne?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Lakini ulikuwa umefurahi. Na ulisema kwamba ikivuma..."

"Nilikwambia unyamazishe chombo, Rukia. Sikukwambia unyamaze wewe."

Alilisema hilo bila ukali, kwa sauti ya mtu aliyechoka ghafla. Nimegombezwa mara nyingi maishani, na mama, na walimu, na wanangu mwenyewe siku hizi, lakini hakuna neno lililonikaa kama lile. Nilikuwa nimejiona mke mwenye adabu, ninayejua kuvumilia. Kumbe nilikuwa nimemwachia mauti mama wa mume wangu chumbani, kwa kuogopa asininunie.

Tukakaa pale, mvumo unatutumbuiza. Mwishowe akauliza, "Basi hakuna njia nyingine? Ama uvume, ama utuue?"

"Ipo, mama. Deki isikae huku. Ihamie sebuleni, ichomekwe pale pale penye amplifaya. Vyote vishike..." nikasita, "...mahali pamoja."

"Sema tu ardhi," akasema. "Wazee leo wameshakwenda msikitini." Na akacheka, na mimi nikacheka na kamasi zangu.

Tukaingia sebuleni. Hapo ukutani palikuwa na kabati lake la vioo, na ndani yake vikombe vya harusi yake yeye, vya ukingo wa dhahabu, ambavyo hata Athmani hakuwahi kunywea. Ndivyo vilivyofanya pasiwe na nafasi. Mavyaa alisimama mbele ya kabati, akalifungua, akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuvipanga mkekani. Sikuthubutu kumsaidia. Rafu ilipobaki tupu akaifuta kwa pembe ya leso yake.

"Haya, lete chombo chako," akasema.

Nikaileta nimeipakata kama mtoto. Nikaichomeka pamoja na amplifaya, nikautupilia mbali ule waya mrefu, nikatia mfupi. Deki imeshika ardhi moja na amplifaya, hakuna kilichokatwa. Mavyaa akafungua sauti mpaka mwisho, kabla ya kaseti. Tukasikia kuku wa jirani, na spika hazikutoa kitu.

Wageni walipofika walinywea kahawa vikombe vya dhahabu, kwa kuwa havikuwa tena na pa kurudi. Yule mama mwenye ulimi wake akauliza mashine ya kusaga imekwenda wapi. Mavyaa akamwambia, "Muulize mwanangu huyu. Ndiye fundi wa nyumba hii." Tangu niolewe alikuwa akiniita Rukia, au mke wa Athmani. Niliinama nikamimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Tukaishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukigombana na kupatana, na hakuwahi tena kutaja vyombo vyangu.

Basi mwanangu, kwanza hayo ya stima yenyewe. Umesema wufa yako, hiyo spika yako kubwa, imeanza kuvuma tangu uiunganishe na televisheni. Vichomeke vyote penye soketi moja, uchomoe kimoja kimoja mpaka umjue mwenye kuleta fujo. Na akija fundi hodari akitaka kukukatia mguu wa tatu wa plagi, ule wa ardhi, ili upate utulivu, mpe chai aende zake.

Na hili la pili ndilo ninalotaka uondoke nalo. Nyumba ikivuma, usiwe mwepesi wa kumtafuta mbaya. Watu wawili wanaweza kuwa wazima wote na bado wakavumishana, kwa kuwa kila mmoja amesimama kwao na hakuna aliyempisha mwenzake. Wako vijana wanaonijia wakaniambia, bibi, siku hizi nyumbani kwetu raha, hatugombani kabisa. Mimi huwauliza, mmepatana, au kuna mmoja ameacha kusema? Wengi huangalia chini. Kimya hicho nimekila, nakijua utamu wake. Huna ugomvi, huna aibu, watu wanakusifu kwa uvumilivu, na huku jambo linalotakiwa kusemwa liko chumbani linamngoja mtu alishike. Usikubali kunyamazishwa kwa jina la adabu. Adabu ni namna ya kusema, si kutokusema. Sema mapema, sema kwa upole, na jambo likishafika mkononi, piga ukelele. Afadhali wakununie wakiwa hai. Na siku wewe utakapokuwa mkubwa wa nyumba, ukimwona mtoto wa watu amenyamaza sana mbele yako, usifurahi upesi. Muulize. Mpishe mahali.

Mungu akujaalie nyumba ambayo ukisema unasikilizwa, na ukinyamaza, uwe umenyamaza kwa raha zako tu. Amin.